Feni Mbili na Goti la Dada

Jumatatu, 3 Juni

Pikapu imechemka tena. Feni yake ya zamani, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, imekatika panga mbili. Mwingine angelia. Si mimi niliyewahi kuvuka jangwa nikipoza injini kwa matikiti! Ijumaa dada anatoka hospitali baada ya kupasuliwa goti, na nimeapa kumleta nyumbani mwenyewe. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule, mpaka shule iliponishinda. Shemeji, mumewe, anapendekeza teksi. Ati mgonjwa asije akalala njiani. Teksi! Kana kwamba hana ndugu!

Jumatano, 5 Juni

Nimefunga feni mbili za umeme nyuma ya rejeta. Mwenyewe! Fundi alitaka kunielekeza waya ipi iende wapi. Nikamwambia umeme naujua tangu haujaletwa. Nikawasha. Lo! Upepo ukatoka mbele ya gari kama tufani. Kuku wa jirani wakapaa. Jogoo mmoja bado yuko juu ya paa. Mke wangu akauliza mbona upepo unatoka badala ya kuingia. Nikamjibu kuwa joto ni mgeni mkorofi, hufukuzwa kwa mlango wa mbele. Akaenda kutafuta ngazi ya kumshushia jogoo. Nashukuru kupata mke anayejua kushindwa.

Ijumaa, 7 Juni

Dada mbele, mguu kaunyoosha. Shemeji nyuma, kakumbatia magongo. Safari tamu! Mpaka mlimani. Hapo mshale wa joto ukapanda hadi mwisho wake, boneti ikafuka kama jiko la kuni mbichi. Shemeji akasema, kwa upole wake wenye miiba, kwamba hata teksi hupita barabara hii. Nilitamani ardhi inimeze, na pikapu pia.

Dada akavua kitambaa chake cha kichwa, akamwambia shemeji akishike mbele ya gari huku feni zikizunguka. Kikapeperuka, kikamfunika uso. Dada akaguna. Amepepea jiko la mkaa maisha yake yote, upepo haumdanganyi. Akasema, "Mdogo wangu, mwendo wa gari unaingiza upepo, feni zako zinautoa. Watu wawili wanasukuma mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje. Nani atapita?" Kisha akacheka mpaka akashika goti. Akasema tangu apasuliwe hajacheka hivi, na teksi isingeliweza hilo.

Injini ilipopoa, shemeji akabadilisha waya za feni, nyekundu kwa nyeusi. Kitambaa kikanata mbele ya rejeta kama stempu. Tukafika. Mlangoni dada akanishika mkono, akasema, "Ahsante, leo na wewe umenibeba." Vumbi likaniingia machoni. Hapakuwa na vumbi.

Jumapili, 9 Juni

Nashukuru Mungu kwa dada, kwa kitambaa, na kwa shemeji (kidogo). Nimeusimulia mtaa mzima jinsi nilivyokosea waya kusudi, kumpima shemeji akili. Kesho dada anarudi kliniki, na kakataa teksi. Anataka mimi! Basi nimekaa, nimewaza. Ikiwa kugeuza waya mbili nyembamba kumeleta baraka zote hizi, zile nene za betri je? Ndiyo kwanza namaliza kuzigeuza. Ngoja nikawashe.