Kibao cha Mawimbi cha Dobi Kamande

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Neema imenishukia! Mgeni Mjerumani wa hoteli yetu hapa Malindi ameondoka, kaacha kibao chumbani. Cha mbao, kama sahani kubwa, kina ukanda wa kupitisha kiganja. Kahindi, mlinzi wa waogeleaji, akaeleza kwamba unakivaa, unanyoosha mkono, wimbi linakubeba kifudifudi hadi mchangani. Meneja akauliza nani atawafundisha wageni. Nikasema mimi, bingwa. Mdomo ulifunguka wenyewe! Kwetu Murang'a maji yangu yote yalikuwa ya karai. Lakini Easter wa jikoni alikuwa pale, akinitazama. Majaribio Ijumaa.

Jumanne, 5 Agosti
Mazoezi juu ya meza ya kupigia pasi. Tumbo chini, kibao mbele. Vizuri sana. Easter akaingia kuchukua vitambaa. Nikamwambia nanyoosha mgongo. Akasema Kahindi ana wasiwasi nami. Wivu huo!

Jumatano, 6 Agosti
Nimeingia baharini hadi kwenye vifundo vya miguu. Wimbi likaja. Nikatoka mbio, kandambili moja ikabaki huko. Sikurudi kuichukua.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata dawa! Nimefunga mkono wa kulia bendeji, nikaenda kwa meneja nikikunja uso. Nimeteguka, mzee, inasikitisha. Meneja akanipa pole kwa moyo kabisa. Kisha akauliza, "Na huo wa kushoto una nini?"
Sikuwa nimeufikiria wa kushoto.

Ijumaa, 8 Agosti
Wageni wote ufukweni. Easter na wapishi wote pia. Mawimbi makubwa kama nyumba! Nikaomba, nikaingia, nikanyoosha kibao. Wimbi likaja, likakichukua kibao, mimi likanipindua. Chumvi puani, mchanga mdomoni, juu sikujui wala chini. Nikamwita mama. Nikapiga mikono, nikajua nimekufa. Mtu akanishika kwapani. Kahindi.
Akaninong'oneza, "Kaka, simama tu. Maji ni ya magoti."
Nikasimama. Ni kweli, yalikuwa ya magoti. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni kichekesho.

Jumamosi, 9 Agosti
Kazi amepewa Kahindi. Easter kaniletea chai ya tangawizi, akasema alidhani nimekwenda na maji. Mchana Kahindi akanijia chumba cha kufulia, akasema atanifundisha kuelea kila asubuhi, taratibu, pasipo mtu kutuona. Sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. Nikamshukuru, nikakataa. Mtu aliyesimama wima mbele ya bahari ile afundishwe nini tena?

Jumapili, 10 Agosti
Meneja katutangazia kuna wageni wanakuja wanaotaka kuzamia chini kabisa, kwenye matumbawe, na mtungi wa hewa mgongoni. Nani mwenye uzoefu wa kuwaongoza?
Kahindi akanitazama, akatikisa kichwa polepole.
Easter naye alikuwa pale.
Nimesema nina miaka mingi kwenye kazi hiyo.