Usukani Mzito wa Malaba

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Usukani umefungwa mezani. Unafanya kazi. Malaba nzima hakuna mwingine, na Busia pia nina shaka. Shemeji yangu aliupata Kampala kwa mzungu wa shirika fulani aliyekuwa anarudi kwao. Unachomekwa kwenye kompyuta, unacheza mashindano ya magari, na ndani yake kuna mota. Ukiingia kona, unavuta mkono. Ukipanda ukingo wa barabara, unatetemeka. Watu wa hapa wamezoea kuniona nikipiga taipu fomu za forodha za madereva wa malori. Hawajui ofisi hii inaelekea wapi.

Mama Petronilla, mwenye nyumba wetu, alikuja mchana na uso wa msiba. Mumewe aliacha pikapu. Tangu azikwe imesimama uani. Sasa shemeji yake Barnabas wa Khunyangu ametuma habari kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na sita atakuja kuichukua, eti gari lisilo na dereva nyumbani huoza. Mama amemjibu kwamba dereva atakuwepo, na dereva ni yeye mwenyewe. Hajawahi kugusa gia.

Emuron, kinyozi wa mlango wa tatu, akasema atamfundisha. Aliendesha lori miaka ishirini na miwili, basi anadhani anajua kitu. Nami nikasema nitamfundisha, kwa kompyuta, bila kuchoma petroli. Mama akasema tujaribu wote wawili. Atakayemfanya aendeshe atapewa chumba kitupu kilicho katikati yetu.

Chumba hicho ni changu. Shule ya udereva isiyo na gari!

Leonida, katibu wangu, aliuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuendesha. Nikamwambia padri hufungisha ndoa na hajaoa. Akarudi kwenye taipu yake.

Jumanne, 5 Oktoba

Emuron alikuja kuujaribu usukani, mkasi ukiwa bado mfukoni. Akazungusha mara mbili kwa kidole. Akasema usukani wa gari una uzito, huu wangu unakoroga uji. Kisha akaenda kumnyoa mtu. Dharau ya mtu anayeishi kwa kufagia nywele za wenzake!

Hata hivyo mimi ni mtu wa vipimo. Nilingoja aingie ndani, nikaenda uani, nikaketi kwenye pikapu ya mama na kushika usukani wake. Nikajaribu kuuzungusha. Lo! Ulikuwa kama umemwagiwa saruji. Nilikaza meno, nikaegemeza goti kwenye mlango, ukasogea kiasi cha upana wa kiganja. Mishipa ya shingo ilinitoka. Sasa najua. Hao madereva wote huficha siri hii ili waonekane wanaume.

Nikarudi kwenye kompyuta. Kuna ukurasa wa kurekebisha: nguvu kwa jumla, nguvu ya kuurudisha usukani katikati, uzito, mtetemo. Kijitabu kinashauri uanze katikati. Kijitabu kiliandikwa na watu wasiojua Malaba. Nimepandisha vyote hadi mwisho. Bado haukufikia pikapu, kwa hiyo nimeufunga pia kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Leonida aliuliza kama pikapu ilikuwa inatembea nilipoipima. Nikamwambia usukani ni usukani.

Jumatano, 6 Oktoba

Somo la kwanza. Mama Petronilla alishika usukani, nikawasha mchezo, usukani ukamrusha mikono yote miwili. Meza ikasogea hadi ukutani. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anangoja fomu zake akacheka mpaka akatoka nje. Mtu asiyeweza kujaza jina la mzigo wake bila msaada!

Mama alisema mabega yanamuuma. Nikamweleza kwamba pikapu yake ndivyo ilivyo, nimeipima mwenyewe. Akasema marehemu hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa anateseka hivyo. Akafunga leso vizuri kiunoni na kushika tena.

Ijumaa, 8 Oktoba

Maendeleo makubwa. Mama ametwanga mihogo maisha yake yote na sasa nguvu hiyo imepata kazi. Anaukamua usukani kama nguo ya kufuliwa. Kona anaipata kwa kishindo.

Stima ilipotea katikati ya somo. Sikusimamisha. Nilitoa mpira wa tyubu ili apumzike, akaendelea kuzungusha usukani uliokufa mbele ya kioo cheusi. Akasema hilo ndilo lilikuwa somo zuri kuliko yote. Shukrani ya mwanafunzi hiyo!

Nimechungulia masomo ya Emuron. Siku tatu pikapu haijatoka uani. Anamketisha mama, anawasha injini, anamwambia asikilize. Klachi ndani, klachi nje. Gia ya kwanza, gia ya pili, gari limesimama tu. Hapo ndipo ilipoishia miaka ishirini na miwili ya barabara.

Jumatatu, 11 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kulia kimefungwa kitambaa.

Leo pikapu ilikuwa itembee kwa mara ya kwanza. Nilidai kuwepo, kwa kuwa mwanafunzi ni wangu pia. Emuron akajaza upepo magurudumu ya mbele, akaketi mbele na mama. Mimi nikapanda nyuma. Tulitoka uani vizuri. Nilisikia Emuron akimwambia mama alegeze mikono, ashike kama anashika yai. Nikapiga bati na kupaza sauti kwamba asimsikilize, akumbuke mafunzo.

Akakumbuka. Kwenye kona ya kwanza aliukamua usukani kwa nguvu zake zote. Pikapu ikazunguka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikavuka mtaro, ikaangusha bango langu jipya la SHULE YA UDEREVA, ikapita juu yake na kuzimika. Hakuna aliyeumia isipokuwa mimi, niliyeshuka kabla haijasimama.

Mama alitoka polepole. Akaniuliza ni nani aliyeniambia usukani wa gari ni mzito vile. Nikasema nilipima.

"Ulipima likiwa limesimama?"

Nikasema ndiyo, kwani ungependa nipime likikimbia?

Emuron alitazama viatu vyake. Alijua, wao wote walijua, kwamba gari likishaanza kutembea usukani huwa mwepesi. Na hakuna aliyenipa habari hiyo kwa maandishi.

"Wabwire," mama akasema, "wewe umewahi kuendesha gari?"

Nikamwambia swali hilo halimo katika mtaala.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba ana siku tano, na kwamba kama pikapu ikienda Khunyangu, yeye atarudi kubeba magunia ya njugu kichwani kama zamani. Kisha akapanda tena upande wa dereva.

Jumatano, 13 Oktoba

Mama haji kwangu tena. Kila asubuhi wanaelekea njia ya Amagoro, yeye na Emuron. Vinyozi!

Nimefikiri sana, nikaona kosa liko wapi. Usukani wangu ulikuwa sawa. Ni pikapu ndiyo nyepesi. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri asibadilishwe, libadilishwe gari. Leo mchana, walipokuwa wanakunywa chai, niliingia uani, nikapiga magoti na kuanza kutoa upepo kwenye gurudumu la mbele. Likilegea, usukani utakuwa mzito, mama atajisikia nyumbani.

Gurudumu linapotoa upepo lina kelele kuliko nilivyodhani. Nilipoinua kichwa Emuron alikuwa amesimama hapo na kikombe chake. Nikasema nakagua. Hakunisema kwa mama. Aliniletea pampu ya mkono tu, akaketi juu ya ndoo kunitazama. Nilipampu mpaka shati likanigandama mgongoni. Unyama mtupu.

Jumamosi, 16 Oktoba

Barnabas alikuja saa nne na ndugu wawili na dereva wake, mwenye kofia. Aliomba ufunguo kabla hata ya kukaa. Mama akasema ufunguo uko kwenye gari, na yeye pia anaelekea huko.

Akapanda. Akawasha. Emuron hakupanda naye. Alibaki mlangoni kwake na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Pikapu ikatoka langoni taratibu, ikapita mtaro, ikashika njia. Tukangoja. Barnabas alitazama saa mara nne. Kisha tukaiona inarudi, mama ameshika usukani kwa wepesi, akaingiza uani na kusimama bila kugusa hata kuku.

Barnabas aliuliza ni nani aliyemfundisha. Mama akamwonyesha Emuron. Kisha akanitazama, akasema, "Na huyu alinipa mabega."

Barnabas aliondoka kwa baiskeli ya boda boda, ndugu zake na dereva wake nyuma kwenye baiskeli nyingine, dereva kofia mkononi. Mama alikaa ndani ya pikapu muda mrefu, ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Nadhani vumbi lilikuwa jingi leo. Macho yangu pia yaliwasha.

Chumba amepewa Emuron. Ataweka viti viwili zaidi. Maendeleo ya taifa hayo!

Jumatatu, 18 Oktoba

Bango jipya limesimama: MWALIMU WA MABEGA YA BI. PETRONILLA. Maneno ni yake, sikuongeza kitu.

Emuron alikuja akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba akifunga kazi jioni anaweza kunifundisha kuendesha, bure. Leonida akasema nikubali. Nilikataa. Gari la kweli linaharibu mkono wa mtaalamu.

Na tayari kuna mwanafunzi! Wilkister wa duka la dawa anataka kujifunza, ila anaogopa kurudi nyuma. Nimeufunga usukani mezani kwa bolti nne. Nguvu nimeziacha mwisho. Tena nimegundua chini kabisa ya ukurasa kisanduku ambacho sikuwa nimekiona: kugeuza nguvu. Kijitabu kinaonya kisiguswe, eti usukani utavuta kinyume. Nimekitia alama. Bila shaka ndiyo rivasi.

Anaanza kesho.