Ombi la Diski ya Pili kwa Ajili ya Jambo Ambalo Halijathibitishwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa ofisi yako. Mimi ndiye mtunza hifadhidata wa kampuni yetu ya maji, yule wa chumba cha baridi mwisho wa korido, ambaye hukutana nawe mambo yanapoharibika tu. Nimepokea agizo lako kwamba nisipopata nafasi kwenye mashine kufikia Ijumaa, kazi yangu atapewa yule Mtaalamu wa kukodi. Kwa unyenyekevu mkubwa nalipinga agizo hilo, na badala yake naomba ninunuliwe diski ya pili.

Kwanza nieleze tatizo. Mtu anapobadilisha taarifa yoyote kwenye mfumo, mashine huiweka ile ya zamani pembeni mpaka mwenyewe akate shauri: athibitishe au atengue. Hapo pembeni sisi tunapaita stoo ya majuto. Badiliko la zamani zaidi likibaki wazi, yaliyokuja nyuma yake nayo hayaondoki, kama foleni ambayo wa mbele amesimama mlangoni anawaza atoke au asitoke. Sasa stoo imejaa pomoni, na mteja mpya akiomba kuunganishiwa maji, mashine inakataa. Wanaonikosesha usingizi ni hawa:

1. Wasoma mita. Leo wanaandika tarakimu, kesho wanarudi kusahihisha, na kila sahihisho linakula nafasi. Napendekeza masahihisho yapigwe marufuku. Mita ikiwa imesomwa kupita kiasi, mteja ashauriwe kwa upole atumie maji mpaka aifikie tarakimu iliyoandikwa.

2. Wateja wenyewe. Wanahama, wanabadili namba za simu, na wengine wanafariki bila kututaarifu mapema. Litolewe tangazo kwamba hadi diski ifike, kila mtu abaki alivyo.

3. Mhasibu Mkuu. Kila asubuhi anaanzisha ripoti ndefu kisha anakwenda kunywa chai, na muda wote huo mashine inalazimika kumtunzia kampuni nzima kama ilivyokuwa alipoondoka kitini. Nilipomlalamikia alinijibu, "Bwana mdogo, mashine yako imechoka na wewe umechoka, nendeni likizo pamoja." Ripoti yenyewe hakuna anayeisoma. Majuzi nilimpa ya mwaka juzi, akanishukuru.

4. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, samahani sana. Ulibadilisha cheo chako kwenye mfumo kikawa Mkurugenzi Mkuu, kisha Mkurugenzi Mtendaji, kisha ukarudi kwenye Mkurugenzi. Sisemi ulikosea. Nasema tu vyeo vyote vimo stooni na vinabanana.

5. Mtaalamu. Alitazama skrini yangu akiwa amesimama, akaligundua papo hapo badiliko la zamani kuliko yote. Ni la karani wa mapokezi, na liko wazi tangu mwezi uliopita. "Kata huyu," akasema, "stoo itapumua." Na kweli itapumua. Lakini mtu huyo hana huruma, na naomba unisikilize kwa nini nasema hivyo.

Badiliko hilo liko kwenye fomu ya utumishi ya karani, sehemu ya hali ya ndoa, ambapo aliyeposwa huandika jina la mchumba. Mwezi uliopita shangazi yangu alikwenda kwao kumposa kwa niaba yangu. Karani akamwambia shangazi kwamba jibu atanipa mwenyewe, na ataliweka mahali ambapo mimi lazima nitaliona. Kesho yake akafungua fomu hiyo. Mheshimiwa, naona kwamba amebadilisha. Naona neno la zamani limetunzwa stooni: hajaolewa. Neno jipya siwezi kuliona mpaka alithibitishe. Ndivyo mashine ilivyotengenezwa, hata kwa mimi mwenye funguo zote. Huenda ni mimi. Huenda ni yule wa manunuzi anayejipulizia manukato. Nikilikata, fomu itarudi kwenye hajaolewa, na nitakuwa nimejikataa kwa mkono wangu mwenyewe.

Sitaki kumharakisha. Siku hizi tukipishana koridoni ananipa kisogo, nami naelewa kwamba anafikiri. Mtu anayefikiria jambo zito anahitaji nafasi, na ndiyo hiyo ninayoiomba. Nampenda, Mheshimiwa. Inatosha diski moja, au mbili kama uamuzi wake utaingia mwakani. Bajeti isiporuhusu, basi kampuni isipokee wateja wapya. Waliopo wanatosha.

Nisalimie katibu wako, walinzi wa getini, wasoma mita wote na Mhasibu Mkuu akirudi kutoka chai. Mtaalamu naye msalimie, ukikutana naye kwa bahati mbaya.

Wako mtiifu katika baridi,
Mtunza Hifadhidata

Baada ya sahihi: Nilipokuwa nikitia sahihi, stoo ilijaa kabisa na mashine ikaanguka. Ilipoamka ilitengua kila kisichothibitishwa, bila kuniuliza. Sasa stoo ni tupu, wateja wanaunganishwa, na diski siihitaji. Nilikuwa nimejishika kichwa pale karani alipoingia bila hodi, akitaka kujua kwa nini nimefuta jibu lake na fomu imerudi kwenye hajaolewa. Kumbe kioo cha kompyuta yake ni kifupi, na kitufe cha kuthibitisha kiko chini ya pale kinapoishia. Alijaza fomu siku ileile, akadhani imekwenda, na tangu hapo amekuwa akingoja mimi niseme neno. Kisogo kile kilikuwa hasira. Ameijaza upya kwenye mashine yangu mbele ya macho yangu, akabonyeza, na jina nililoliona ni langu. Kisha akasema kwamba mwanamume anayekaa mwezi mzima akimchungulia kwenye mashine badala ya kumuuliza, inabidi amfikirie tena. Nilimweleza kwamba kilichokwisha kuthibitishwa hakitenguliwi. Akasema hiyo ni sheria ya mashine, si yake, akaondoka. Kwa hiyo, Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yapuuze. Naomba ruhusa ya mchana mmoja tu, nishuke mapokezi nikamwombe kwa mdomo wangu.