Pikipiki Haina Mabawa

Jumatatu, 5 Agosti 1996

"Picha haiwezi kudanganya, mzee. Kamera haina mdomo." Maneno ya Oyoo, mpiga picha wa Laini Saba kule Kibera, leo asubuhi, mbele ya watu, ndani ya kibanda cha kinyozi Thuo hapa kituo cha matatu cha Kawangware 46. Upuuzi! Jiwe pia halina mdomo na kila siku linaangusha watu. Oyoo huyu huyu ana kitambaa kilichochorwa ndege ya abiria, na nusu ya Kibera imetuma nyumbani picha ikiwa imesimama mbele ya ndege hiyo. Wengine na ndala miguuni. Kamera haina mdomo, sawa. Oyoo anao.

Chanzo cha ugomvi ni picha ambayo Thuo ameitundika juu ya kioo chake. Inaonyesha kijana aitwaye Osewe, tarishi anayesambaza barua za kampuni moja mjini kwa pikipiki, akiwa angani. Angani! Pikipiki juu, mkokoteni wa mitungi ya maji chini, reli pembeni. Na anacheka.

Isingenihusu. Mimi nauza vitabu na majarida makuukuu nje ya kibanda hicho, na nina mambo makubwa zaidi ya kupinga. Lakini Osewe huyo anataka kumwoa binti yangu Mitchelle. Wazee wake wanakuja nyumbani kwangu Kianda, Kibera, Jumapili. Si kwamba yeye ni Mjaluo na mimi Mluhya. Sina ukabila. Napinga watu wa makabila yote kwa usawa. Hoja ni kwamba mtu anayeghushi picha ataghushi na ndoa.

Jioni nimemwambia Mitchelle hivyo. Nimemnukulia vitabu vitatu. Akaniuliza kama kuna kimoja nilichomaliza. Kisha akaweka masharti, mama yake akiwa shahidi. Nikithibitisha kuwa picha ni ya uongo, atamwacha Osewe. Ikiwa ni ya kweli, Jumapili nitakaa na wageni kuanzia chai hadi kwaheri na sitatoa hotuba. Hata moja. Hata ya kukaribisha.

Mke wangu Mideva akasema Mungu ni mwema.

Hotuba yangu ya Jumapili tayari ina sehemu saba! Lazima picha iwe ya uongo.

Jumanne, 6 Agosti

Siku njema. Nimeichunguza picha kwa kioo cha kukuzia, nikisaidiwa na jarida la Uingereza lisilo na jalada. Ukweli umejitokeza wenyewe. Tazama spoki, zile njiti za gurudumu. Gurudumu linalozunguka halionyeshi spoki, lakini za Osewe zinaonekana moja moja. Tazama uso. Mtu aliye juu ya mitungi haonyeshi meno. Halafu kivuli. Kiko wapi? Hakipo! Pikipiki ilining'inizwa kwa kamba, au Oyoo aliikata kwa makasi akaibandika.

Nimewafundisha wateja wa Thuo. Hakuna aliyetoroka, maana shingo zao zilikuwa chini ya wembe. Kufikia mchana Kawangware 46 yote inaimba spoki, uso, kivuli. Jamaa mmoja amenijia analia kwamba mke wake ameipima picha yake ya Mombasa na kuikataa. Nikamwuliza ilipigwa wapi. Akasema kwa Oyoo. Sikumwonea huruma.

Saa saba Osewe mwenyewe akafika, kofia ngumu kwapani. "Niaje, mzee," akaniambia, kama mimi ni rika lake. Hajui kuamkia. Akaeleza kwamba ukiwa juu unakanyaga breki kidogo ili pua ya pikipiki ishuke, ndiyo maana gurudumu linasimama. Nikamwuliza breki ni ya nini mahali pasipo na kitu cha kugonga. Watu wakacheka sana. Yeye akasema tu, "Ukifika huko juu utajua, mzee wangu."

Kiburi!

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda Laini Saba kudai negativu, ile filamu iliyotoa picha. Oyoo anasema hana, Osewe alimpelekea mama yake Siaya pamoja na nakala ya picha. Nani anampelekea mama negativu? Amwone mwanawe meno meusi na anga jeusi? Nimewaambia watu waliokuwa hapo kwamba Osewe na Oyoo, hata wakikuambia leo ni Jumatano, angalia kalenda kwanza. Imepokelewa vizuri. Sasa watu wanamwita Oyoo Makasi. Studio yake ilikuwa tupu. Kitambaa cha ndege kimekunjwa.

Oyoo hakukasirika, jambo linaloniudhi. Alisema tu kwamba mimi ndimi niliyebaki kumlisha, kwa sababu ndimi pekee ninayeingia.

Nikatoa changamoto: Osewe aruke tena, hadharani, Oyoo apige picha nikimtazama. Osewe amekubali. Kesho akitoka kazini. "Wewe njoo tu na macho," akasema.

Jumamosi nitaanza sehemu ya nane ya hotuba.

Alhamisi, 8 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Jioni, watu tele kando ya reli. Ubao umeegemezwa kwenye tuta, mkokoteni mbele yake. Nilipanda juu ya pipa nikawaeleza kwa nini jambo hili haliwezekani. Nilikuwa nimefika kwenye uzito wa chuma. Nyuma yangu, mlio. Watu wote wakaachama, nikajua hoja imeingia. Wakapiga kelele, wakapiga makofi. Nikainama kushukuru. Nilipogeuka, Osewe alikuwa ng'ambo ya mkokoteni, anazima injini.

Sikuona! Na nisichokiona siwezi kukipitisha. Nikamwuliza Oyoo picha iko wapi. Akasema amepiga, ila kwenye lenzi kuna mgongo wangu tu, umejaa kutoka kona hadi kona. Nikadai irudiwe. Osewe akasema petroli ni ya kampuni na ubongo ni wake. Manyunyu yakaanza, watu wakatawanyika.

Tukabaki watatu. Nikasema basi nitaupima ubao mwenyewe. Nia yangu ilikuwa ndogo: kukaa juu ya pikipiki, kuteremka tuta polepole, kusimama kwenye ubao na kusema, "Mnaona?" Osewe akataka kunionyesha breki. Nikamwambia breki nimezisoma.

Nilishika kitu. Hakikuwa hicho. Pikipiki ikanguruma kama imetusiwa. Ubao. Kisha hakuna ubao! Mabati ya Kibera yote chini yangu! Nikakanyaga kila kinachokanyagika. Mimi, Ambrose Shivachi, mtu mzima mwenye baridi yabisi, koti limefunguka kama mwavuli, nilikuwa angani!

Nimetua kwenye mitumba ya Wakarima, mchuuzi wa nguo kando ya reli. Alikuwa amejikunyata chini ya turubai lake jeusi kukwepa manyunyu, hakuona nilikotoka. Alichoona ni mzee ndani ya masweta yake. Akaniambia nikitaka sweta niulize bei kama watu wengine. Pikipiki ililala ng'ambo, taa imepasuka, Osewe karibu alie.

Lakini Oyoo amepiga picha. Asante Mungu. Oyoo simshukuru bado.

Ijumaa, 9 Agosti

Nachechemea, lakini kwa heshima. Nimemsimulia Thuo. Akauliza nani aliona. Nikamwambia Osewe na Oyoo. Alicheka mpaka mteja akakatwa sikio. Akaniuliza kama nimeangalia kalenda.

Nahitaji picha. Hapo ndipo uchungu. Oyoo hapeleki filamu mjini kuoshwa mpaka iishe, na filamu haiishi kwa sababu hakuna anayetaka kupigwa picha na Oyoo Makasi. Nani alimwita hivyo? Watu hawana adabu.

Basi nimeimaliza mimi, kwa kamera yake. Nimempiga picha Mideva na jiko. Mideva akikataa. Mideva akinifukuza. Wakarima na sweta lililochanika, alisema ni ushahidi wa kesi. Mbuzi wa jirani, upande wa kushoto na upande wa kulia. Filamu bado! Mwishowe nilisimama mbele ya ndege ya abiria ya Oyoo, mkono mfukoni, kama mtu anayengoja kuitwa apande. Kwa sababu za kisayansi tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Imekuja! Sijawahi kuona picha nzuri kama hii. Koti, miguu, anga. Nimekimbia nayo hadi kwa Thuo, nikaiweka juu ya kioo kwa mkono wangu.

Kisha mteja mmoja mwenye povu usoni akainuka akasogea karibu. Spoki anaziona, akasema. Zote. Nikaeleza kwamba nilikanyaga breki. Thuo akauliza breki ni ya nini mahali pasipo na kitu cha kugonga. Mwingine akasema uso una meno. Ni hofu, ndugu zangu! Mtu akiogopa sana meno hutoka! Kivuli je? Kivuli kiliangukia turubai jeusi la Wakarima, hakiwezi kuonekana. Wakanipigia makofi. Wakasema Oyoo ameendelea sana kwa makasi.

Nikasema kila kanuni ina hali za pekee. Wakataka kujua kwa nini hali hizo hazikuwapo Jumanne.

Nikaitoa pale kiooni. Nyumbani Mitchelle aliishika, akauliza swali moja. Hii yako ni ya kweli au ya uongo?

Binti mwerevu. Amechukua kwangu. Nikisema ya uongo, hotuba ninayo lakini sikuwahi kuruka. Nikisema ya kweli, spoki ni zile zile, meno ni yale yale, na Osewe naye aliruka, na mimi nanyamaza. Mideva aliacha kupuliza jiko ili asikie.

Nikaitazama tena. Lile koti!

Nikasema ni ya kweli. Mitchelle akanikumbatia. Akaniambia, "Asante, Baba. Kesho nyamaza tu, basi." Hakuwa amenikumbatia tangu amalize kidato cha nne. Ilikuwa vizuri. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Jumapili, 11 Agosti

Walikuja wazee watatu, suti zimepigwa pasi. Mkubwa wao ni Okello, ami yake Osewe, mstaafu wa reli. Nilinyamaza wakati wa chai. Nilinyamaza wakati wa sala, ingawa sala ilikuwa na makosa mawili. Kuku akaletwa. Mideva akaniletea firigisi, kama ilivyo haki ya mwenye nyumba, na mimi, bila neno, nikaisogeza sahani kwa Okello. Mitchelle alinitazama machozi yakimlengalenga. Osewe alinitazama kana kwamba mimi ni baba yake.

Mambo yakaenda vizuri ajabu. Okello akasema wameona nyumba yenye utulivu. Utulivu! Akasema binti ni wao sasa, limebaki kutaja tarehe tu. Akaanza kutafuta kalenda ukutani.

Hapo Osewe, kwa nia njema, akataka kuniheshimu. Akatoa picha yangu. Akawaambia wazee, "Tazameni, mzee wetu mwenyewe aliruka." Okello akavaa miwani. Akatazama huku anatafuna. Akacheka. Akasema wapiga picha wa Nairobi ni hatari, hata spoki wamesahau kuzifuta.

Walikuwa wamepitia kwa Thuo asubuhi kunyolewa! Wote watatu!

Anatafuna firigisi yangu na ananipinga kwa mdomo huo huo! Mitchelle akanikanyaga mguu chini ya meza. Mideva akaniita kwa jina langu la ubatizo. Osewe akatikisa kichwa polepole.

Nikasimama.

Nilitoa sehemu zote saba, na ya nane, kuhusu wastaafu wa reli na macho yao. Nadhani sikuwahi kuzungumza vizuri hivyo. Nilipomaliza wazee walikuwa wamesimama mlangoni, kofia kichwani. Okello akasema walikuja kutafuta mke wakakuta mahakama. Watarudi watakaposikia mzee amepumzika.

Mitchelle alivuta pazia la upande wake, hakutoka tena. Mideva aligawa kuku aliyebaki kwa majirani, mimi hakunibakizia. Osewe hakuondoka na wazee wake. Alibaki akaosha vikombe, kimoja kimoja, kisha akavipanga kabatini kama kwao.

Jumatatu, 12 Agosti

Mitchelle hajanisalimu. Amepika uji wa watu wawili na sisi ni watatu.

Osewe amepita kabla ya kwenda kazini, taa ya pikipiki imefungwa kwa utepe. Anasema jambo ni rahisi. Okello yuko kwa ndugu yake Kawangware hadi mwisho wa wiki. Niende nimwambie sentensi moja: mzee, nilikosea, rudini. Hata atanibeba, nikikaa nyuma na nisiguse kitu. "Ni sentensi moja tu, mzee wangu," akasema. "Wewe ambaye una maneno mengi hivi."

Nimelifikiria jambo hilo kikombe kizima cha chai. Nimemsikia Mitchelle akilia nyuma ya pazia. Mimi si jiwe. Kwa ajili ya binti yangu nitafanya lolote, na nitalifanya leo. Nimeandika tangazo hili kwa herufi kubwa. Nalibandika mlangoni kwa Thuo, Okello asiweze kulikwepa:

"Kwako Mzee Okello, na ninyi wenzake wawili mliokula kwangu jana. Rudini. Binti yangu anawangoja na mimi pia nawangoja. Njooni Jumamosi jioni, Laini Saba, kando ya reli, na tarehe ya harusi mtaitaja papo hapo. Ila kwanza mtavaa miwani. Mtasimama pale juani, mtafunga midomo, na mtatazama bila kupepesa macho. Nitaruka tena."