Kiti cha Meya

Mjanja hana mshahara, lakini ana ofisi. Ya Mhandisi ilikuwa ngazi za mbele za ukumbi wa jiji, jengo la zege tupu lililomalizwa miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lenye nguzo nyembamba na mnara mrefu wa saa. Kuingia ni bure. Hilo Mhandisi, ambaye hakuwahi kujenga hata banda la kuku, hakumwambia mtu. Kwa miaka kumi na moja aliwauzia wageni "kibali", akawatembeza na kuwadanganya kwa adabu. Walinzi walimwacha kwa sababu moja tu: hakuwahi kugusa kitu cha ndani.

Asubuhi hiyo akamwona mama mmoja wa makamo, kamera shingoni, mkoba mnene, ameduwaa akitazama juu. Mate yakamjaa.

"Shikamoo, mama. Una kibali?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani kinahitajika?"

"Zege hili halipendi pumzi nyingi. Wanaingia wachache kwa siku."

Mama akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili. Mhandisi akamshukuru Mungu.

Katika chumba cha madiwani, mama akapapasa kiti cha meya, ngozi nyeusi na miguu ya chuma.

"Kwetu watu wanavigombania hivi. Hakiuzwi?"

Mhandisi alitaka kusema hapana. Mama akafungua mkoba, na ndani mlikuwa na bahasha iliyofura.

"Vinabadilishwa wiki ijayo," ulimi ukasema wenyewe. "Na msimamizi ndiye mimi. Lipa sasa, kesho gari litakuletea hotelini."

"Naondoka leo, baba. Kiti kikitoka sasa hivi, bahasha yako. Kisipotoka, tuagane." Akaanza kuifunga zipu, jino baada ya jino.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini wahenga hawakuiona bahasha ile. Mhandisi akajitwika kiti.

"Ngoja nitangulie," mama akanong'ona, "nikaangalie kama mlango wa nyuma una watu."

Ulikuwa nao. Mhandisi alipotokeza, jasho likimtiririka, aliwakuta walinzi wawili, na kati yao mama yule yule amejishika kifua.

"Ndiye huyo! Nimemkataza, hasikii!"

Mlinzi mkubwa alisikitika kweli. "Mhandisi, uongo wako tuliuvumilia. Sasa na kiti?"

Hawakumpeleka polisi, kwa kuwa walizoeana. Walimwambia tu asizikanyage tena ngazi zile. Akaenda nyuma ya kituo cha mabasi akalia kama mfiwa, maana kazi nyingine hakuijua.

Siku ya tatu uvumilivu ukamshinda, akapita ng'ambo ya barabara. Juu ya ngazi, mlinzi mkubwa alikuwa amemshikia mama yule mwavuli. Wageni wapatao ishirini walimzunguka, kila mmoja na kibali mkononi, tena chenye muhuri.

"Saa ile ya mnarani," mama alikuwa akisema kwa sauti ya msibani, "ilisimama siku msanifu wa jengo hili alipofiwa na mkewe. Mpaka leo, hakuna fundi aliyethubutu kuigusa."

Mhandisi akainua macho. Saa ilikuwa inatembea vizuri kabisa: saa nne na dakika sita, ikaingia ya saba. Akawatazama wageni. Wawili walikuwa wanafuta machozi.

Miaka kumi na moja, na yeye hakuwahi kumliza hata mmoja.