Ndoo ya Mama Nanyaro kwenye Jaribio la Uhandisi

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Naandika mapema kabla wenzangu hawajawasimulia kwa chumvi zao.

Mnajua niko mwaka wa tatu uhandisi. Asubuhi nilialikwa kuongea na mwaka wa kwanza: usomeje mpaka utoboe. Nikapiga pasi shati. Nikatoka geto kwangu Kwa Mrombo natembea kama mtu aliyeshaajiriwa. (Kwamba somo la boriti la mwaka wa kwanza nililipita kwa sapu, yaani mtihani wa marudio, hilo mwaliko haukuuliza.)

Mlangoni nikapokelewa na Nashipae, kiongozi wa darasa lao. Macho mekundu.

"Kaka Elibariki, shikamoo."

(Shikamoo! Mimi! Na nikaitikia.)

"Marahaba. Una nini?"

"Madam anasema tumeangalizia jaribio lake. Tuko kumi na moja, majibu yetu yanafanana neno kwa neno. Leo anapeleka majina. Alama zikifutwa, mtihani wa mwisho hatufanyi. Lakini kaka, mimi nilikaa peke yangu dirishani, sikumwangalizia mtu."

"Dada, majibu hayafanani hivihivi tu."

Akainama. "Nyumbani wameshaanza kuniita injinia," akasema.

Hapo mtu mwenye akili angemuuliza alisoma nini kabla ya jaribio. Mimi nikamwambia achague marafiki vizuri, nikaingia ndani.

Nikaanza. "Msikariri! Eleweni! Ukikwama, mfuate mwalimu siku hiyohiyo, usisubiri wiki ya mitihani. Swali gumu lifanye alfajiri, kichwa kikiwa kipya." Maneno mazuri, nakiri. Sikuwahi kufanya hata moja. Wale watoto waliandika kila kitu. Nilikohoa, nadhani wakaandika na kikohozi.

Nikiwa nimenoga, Madam mwenyewe akaingia, akakaa nyuma. Ndiye anayefundisha somo lile. Ana sauti ndogo, na ndiyo inayotisha.

"Endelea, Elibariki. Ukimaliza, wafanyie swali la jaribio."

Akaja akachora ubaoni: boriti imelala juu ya nguzo mbili, juu yake mzigo wa kilonewton ishirini na nne. Kila nguzo imebeba kiasi gani?

Nikacheka moyoni. Swali hilo? Nikashika chaki, mistari minne chapuchapu, mchoro wala sikuuangalia. Kumi na mbili, kumi na mbili. Nikapangusa mikono kwa madaha.

Mtu akacheka, akajizuia. Madam akafungua bahasha.

"Wale kumi na moja wameandika mistari hiyohiyo minne," akasema. "Ila wao wana wa tano." Akavaa miwani. "'Kwa hiyo kila nguzo inabeba kumi na mbili. Rudisha ndoo.'"

Akazipitisha karatasi moja baada ya nyingine.

"Wote. 'Rudisha ndoo.' Mmoja ameipigia na mstari chini, kama ndilo jibu. Nimefundisha miaka mingi. Ndoo hii sijawahi kukutana nayo."

Mungu wangu!

Sikilizeni. Mwaka wangu wa kwanza maji yalikatika mtaani, nikaazima ndoo kwa jirani yangu, Mama Nanyaro. Jioni ile nilikuwa naandaa desa, zile karatasi zetu za maswali yaliyokwisha kutatuliwa. Nikajiandikia pale mwisho wa swali nisisahau: rudisha ndoo. Nikasahau. Desa likapigwa fotokopi, likarithiwa, likasifiwa. Nasikia linaitwa "lile la mwandiko mzuri".

Nashipae akasimama. "Madam, sisi tulidhani ni hatua."

"Hatua ya nini?"

"Hatukujua. Ila ilikuwa kwenye desa, na desa lile tuliambiwa limefaulisha watu."

"Desa la nani?"

"Halina jina, Madam."

Kweli halina. Nawaambia ukweli, niliposikia hivyo nilishusha pumzi. Ningenyamaza tu, niage, niondoke na shati langu lililopigwa pasi. Madam akaanza kukusanya karatasi, akasema maelezo hayo watayatoa mbele ya kamati. Nashipae akaketi, akaziba uso kwa daftari. Lile daftari aliloandikia mawaidha yangu. Roho ikaniuma vibaya.

"Madam," nikasema, "ndoo ni yangu."

Loh! Kicheko kile kilifika Themi.

"Yaani siyo yangu. Ya Mama Nanyaro. Ila desa ni langu."

Madam hakucheka. "Umeirudisha?"

"Bado, Madam."

(Hapo hata Nashipae alicheka, na machozi yake.)

"Na hiyo kumi na mbili uliitoa wapi?"

"Kwa kaka mmoja aliyenitangulia."

"Angalia mchoro."

Nikaangalia. Jamani, mzigo haukuwa katikati! Ulikuwa umesogea kwa nguzo ya kushoto, robo tu ya urefu wa boriti. Kwenye desa langu ulikuwa katikati, lakini mchoro sikuuweka. Uvivu.

"Kwenu Meru umewahi kubeba mkungu wa ndizi na mwenzako, mti begani?"

"Mara nyingi, Madam."

"Mkungu ukisogea upande wako?"

"Naumia mimi."

"Haya. Nani kaumia hapo?"

Nguzo ya kushoto. Kumi na nane, na ya kulia sita. Nililijua hilo tangu nina miaka minane, nikilaumiana na kaka yangu njiani kutoka migombani. Miaka mitatu chuoni sikuwahi kufikiri kwamba ndicho kitu kilekile. Nilisimama na chaki nikajionea huruma, kisha nikawaonea huruma wale kumi na moja zaidi, maana mimi ndiye niliyewapa majibu bila mchoro.

Madam akarudisha karatasi kwenye bahasha. Majina hayaendi. Ijumaa wanarudia jaribio, swali jipya. "Na wewe, Elibariki, utakaa nao. Benchi la mbele."

Nimetoka pale mbio mpaka geto. Nikamwaga maji, nikaisugua ndoo mpaka ikang'aa, nikaipeleka kwa mikono miwili.

"Mama, shikamoo. Nimerudisha ndoo."

"Marahaba, mwanangu." Akaipokea, akaigeuza, akachungulia ndani. "Ilikuwa na mfuniko."

Basi ndugu zangu, Ijumaa nipo na watoto wa mwaka wa kwanza, na safari hii naanza na mchoro. Kucheka chekeni tu. Ila mwenye mfuniko wa ndoo ya lita ishirini, rangi ya bluu, namwomba anitafute.