Kujifunza Kutupa Karata

Jumatatu, 3 Machi

Nimeliwa tena. Jozi ya wafalme mkononi, na bado nimeliwa! Tangu mwezi uliopita poka, kamari ya karata ya mtandaoni, imenifanya kichwa cha mwendawazimu: kila mwenye simu anajifunzia kunyoa. Shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa lifti, hajui hata pakiti moja ina karata ngapi. Kanipigia kunieleza kwamba ameshinda mashindano ya jana huku akisubiri chai ichemke. Nikampongeza. Meno yaliniuma.

Si gundu. Ninachokosa ni mwalimu. Wachezaji mpira wana makocha, waimbaji wana makocha. Nimempata wangu mtandaoni. Ada nimeitoa kwenye fedha za taa mpya ya studio yangu ya picha. Ya zamani bado inawaka, ukiigonga.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza, kwa simu. Nilitarajia dume lenye sauti nzito. Kumbe ni dada, mtoto mchanga analia mgongoni, naye anafundisha kwa sauti ileile anayombembelezea. Alikuwa ameitazama michezo yangu yote niliyomtumia. Nikangoja asifu ujasiri wangu. Akauliza kwa upole kama huwa natupa karata na kujitoa mchezoni. Nikasema natupa, zikiwa mbovu kupindukia. Akasema karata nyingi ni za kutupa: unazitazama, unaziaga, unatulia. Anayeng'ang'ania kila mkono, yaani kila karata anazogawiwa, anawalisha wenzake.

"Na ukishaliwa, kaka, mkono unaofuata huwa unacheza, au unalipiza kisasi?"

Nikasema nacheza. Mtoto akanyamaza ghafla, kana kwamba naye anangoja jibu la kweli.

Kazi ya nyumbani: kukaa siku nzima nikiwatazama wengine tu. Nimelipa ada ili nisicheze!

Alhamisi, 6 Machi

Nimetazama. Kusema kweli, kuna utamu wake. Mmoja anajiita Bibi Mpole. Alitupa karata asubuhi nzima, kisha akacheza mkono mmoja na kuondoka na kila kitu mezani. Nikamwaza hadi mchana. Ni mtu wa namna gani anayeweza kukaa apitwe na asione haya? Marehemu baba alikuwa hivyo: anasikiliza baraza zima, anasema neno moja, watu wanaondoka nalo. Mimi nilirithi viatu vyake tu.

Tatizo ni kwamba nilitazamia kazini, simu chini ya kaunta. Mwalimu mmoja wa chekechea amerudi na picha zake za pasipoti. Zimekataliwa. Amefumba macho katika zote. Nikamwambia kosa ni la taa. Akasema taa haikubonyeza kamera. Nikampiga picha upya bure, na safari hii nikamtazama usoni. Alikuwa amechoka sana. Mara ya kwanza sikuuona ule uchovu, nami kazi yangu ni nyuso!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda! Nilitupa, nikatupa, nikatupa. Kisha nikapandisha dau kwa jozi ya malkia, wakatimua mbio wote. Ushindi mdogo, lakini ni wangu. Papo hapo nikampigia Shemeji. Akasema hongera, kisha akauliza kama nimelizoea lile suala la dada yake. Suala gani? Akasema lifti inamwita.

Lifti haimwiti mtu!

Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza mke wangu akiwa anapiga pasi. Anafanya kazi kwenye duka la dawa. Wamempa tawi la mji mwingine alisimamie, mwaka mzima. Anaondoka keshokutwa.

"Hukuniambia," nikasema.

"Nilikuambia tukiwa tunakula. Ukajibu, 'Pandisha tu.'"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema alingoja nimuulize atarudi lini, atakaa wapi, au hata kama anataka kwenda. Siku zikapita, naye akaona kimya changu ndicho jibu.

Nilitaka kusema usiende. Nikakumbuka mafunzo: tulia, tazama. Nikatulia, nikatazama. Akakunja shati langu, akaliweka kwenye rundo langu mbali na la kwake, akazima pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemsimulia Kocha yote, kwa fahari kidogo, hasa jinsi nilivyotulia. Kisha akasema atanirudishia ada iliyobaki.

"Kaka, huo mkono si wa kutupa. Nenda kaongee na mkeo, leo."

Nikamuuliza mkono upi, maana jana sikucheza. Akaaga.

Walimu wa siku hizi hawana uvumilivu.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji alikuja na gari kumpeleka. Nilibeba sanduku mwenyewe. Mke wangu akashusha kioo, akanitazama, akauliza kama nina neno. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo mengi. Nikamwambia safari njema, awe mwangalifu na maji ya huko. Akatikisa kichwa polepole. Gari likaondoka. Nilisimama barabarani hadi jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ndani ni kimya. Kochi limebonyea upande wake. Nimekaa upande wangu, na baada ya muda akili ikafunguka: kumbe nilikuwa naliwa kwa sababu ya kelele! Sahani, pasi, maswali. Nani angeweza kufikiri?

Nimepata kocha mwingine. Huyu anaahidi kumfundisha mtu asitupe karata kamwe. Mke wangu amepiga kusema amefika salama, sauti yake kama ya mtu anayesubiri. Nimemwambia nitampigia nikimaliza somo.

Kocha mpya ameanza kwa kuuliza kama hapa nyumbani kuna mtu yeyote atakayetusumbua.

Nimemjibu kwa furaha: hakuna.